Mshitiri Mkali na Haki Yake

 

Katika kumi la mwisho la Ramadhani iliyopita, baada ya darsa ya alfajiri, kijana mmoja katika wanafunzi wetu alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Kijana huyo ni mtumishi katika duka la nguo hapa Mombasa. Alitujia taratibu, akatuuliza: "Maalim, mtu akitukanwa naye amefunga, kisha akamrudishia aliyemtukana, je, saumu yake imeharibika?"

Tulimjibu kwa kadiri ya swali lake. Tulimwambia kwamba kwa madhehebu yetu ya Imam Shafii saumu haibatiliki kwa tusi, wala haimlazimu mtu kuilipa siku ile, lakini thawabu zake hupungua. Na wako wafungao ambao hawapati katika kufunga kwao illa njaa na kiu. Tukamkumbusha kwamba Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kufunga akitukanwa au akichokozwa, aseme kwamba yeye amefunga, na anyamaze. Kisha tukamtaka atueleze kisa chenyewe, kwa sababu swali huwa dogo na kisa kikawa kikubwa.

KISA CHENYEWE

Bibi mmoja alinunua doti ya leso katika duka lile, akataka kumpa mamake siku ya Idi. Alipofika nyumbani aliiroweka ili kuitoa wanga, kama wafanyavyo wanawake wote. Rangi nyekundu ikatoka ikaenea katika nyeupe, hata jina la leso likawa halisomeki. Asubuhi ya pili akarudi dukani, na leso ile mkononi mwake bado ina maji. Duka lilikuwa limejaa watu wa kununua nguo za Idi. Bibi hakutoa salamu. Alianza kwa sauti kubwa, akasema kwamba wenye duka ni wezi na kwamba wamemla fedha zake.

Kijana alimtambua mara moja, kwani ni yeye mwenyewe aliyemkunjia leso ile na kuitia katika mfuko. Lakini mwenye duka, aliyekuwa ameketi penye fedha, alimnong'oneza: "Mwambie si mali yetu." Kijana akatii. Akasema: "Mama, leso hii si ya kwetu. Una risiti?" Naye alijua kwamba siku ile, kwa wingi wa watu, risiti hazikuandikwa. Hapo ndipo bibi alipomtukana kijana, na akamtukana mamake. Kijana akamrudishia tusi lile lile. Bibi akaitupa leso juu ya meza, akatoka, na machozi yanamtoka.

Ndugu msomaji, tazama vizuri. Kijana alituuliza juu ya tusi, hakutuuliza juu ya uwongo. Tusi lilimchoma moyo kwa sababu lilimpata yeye; uwongo haukumchoma kwa sababu ulimpata mwingine. Wala hatusemi haya kwa kumlaumu kijana peke yake. Hii ni hali yetu sote tuuzao na tununuao. Ukali wa mshitiri twausikia kwa masikio mawili, lakini haki yake hatuisikii hata kwa sikio moja. Na ukali na haki ni vitu viwili mbali mbali. Mtu aweza kuwa na ulimi mbaya naye ana haki, na aweza kuwa na ulimi mtamu naye hana haki yoyote. Mwenye kuvichanganya vitu hivi hudhulumu bila ya kujua.

MFANO WA MTUME WETU

Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba mtu mmoja alikuwa akimdai Mtume (S.A.W.) ngamia. Akaja kudai deni lake, akasema kwa maneno makali. Masahaba wakaghadhibika, wakataka kumwadhibu. Mtume akawazuia, akawaambia wamwache, kwani mwenye haki ana ruhusa ya kusema. Kisha akaamrisha apewe ngamia wa umri sawa na wake. Wakatafuta, wasipate illa aliye bora kuliko yule. Akaamrisha apewe huyo huyo aliye bora, na akafundisha kwamba mbora wa watu ni yule alipaye deni kwa uzuri.

Yatupasa tuuangalie mpango wa mambo katika kisa hiki. Mtume hakuanza kwa kumfundisha mtu yule adabu, wala hakumwambia kwamba hatalipwa mpaka aseme kwa upole. Alianza kwa haki. Na Mtume ndiye mtu ambaye kumpandishia sauti ni kosa kubwa kuliko kumpandishia mtu mwingine yeyote. Ikiwa yeye hakuufanya ukali wa mdai kuwa sababu ya kuzuia haki yake, sisi wenye maduka na meza za sokoni twapata wapi ruhusa hiyo? Ni nani kati yetu ambaye heshima yake ni kubwa kuliko heshima ya Mtume?

JE, BIBI YULE ALIKUWA NA HAKI?

Huenda mtu akasema: "Leso imekwisha tiwa majini, itarudishwaje? Na dukani pameandikwa ubaoni kwamba mali ikishauzwa hairudishwi." Twamjibu kwa maneno ya wanavyuoni, si kwa maneno yetu.

Kitu kikiwa na kasoro iliyokuwamo kabla ya mnunuzi kukipokea, na kasoro hiyo yapunguza thamani yake, mnunuzi ana hiari ya kukirudisha na kupewa fedha zake, sharti asikawie baada ya kuijua. Bibi yule hakukawia. Alirudi asubuhi yake.

Ama kutiwa majini, Imam Nawawi katika kitabu chake Minhaj, ambacho kimesomeshwa katika pwani yetu vizazi kwa vizazi, ametaja kasoro isiyoweza kujulikana illa kwa kukivunja kitu, na akapiga mfano wa yai, na nazi, na tikiti. Mwenye kununua nazi hawezi kujua kuwa ni mbovu mpaka aivunje. Basi kule kuivunja hakumwondolei haki ya kuirudisha, wala hatozwi chochote kwa kuivunja. Nasi twaona kwamba leso ni mfano wa nazi. Hapana awezaye kujua kuwa rangi yake yatoka mpaka itiwe majini. Lau bibi angaliitia dawa ya kung'arisha nguo, hukumu ingalikuwa nyingine, na muuzaji ana haki ya kuuliza na kuangalia. Lakini kuuliza ni mbali na kukana.

Na kuhusu ule ubao, Imam Nawawi huyo huyo ameeleza kwamba muuzaji akishurutisha kuwa ameepukana na kila kasoro, sharti hilo halimfai illa katika kasoro ya ndani ya mnyama ambayo muuzaji mwenyewe hakuijua. Leso si mnyama. Basi ubao ule wawafaa wenye duka kwa mtu aliyebadili nia tu, haumfungi mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Na sheria ya nchi yetu yaelekea huko huko. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 46, imempa mnunuzi haki ya kupata mali yenye ubora unaostahili, na haki ya kulipwa kwa hasara iliyompata kwa sababu ya kasoro. Na mwaka 2012 ikatungwa sheria maalum ya kuwalinda wanunuzi. Hapa sheria ya dini na sheria ya serikali zimekutana, na mfanyi biashara hana pa kukimbilia.

Ama yule aliyebadili nia tu, na kitu hakina kasoro, huyo hana haki ya kulazimisha. Lakini kumpokelea na kumrudishia fedha zake ni sunna yenye malipo makubwa, kwani imepokewa kwamba mwenye kumkubalia Muislamu kuivunja biashara yao, Mwenyezi Mungu humsamehe kuteleza kwake Siku ya Kiyama. Ni nani asiyehitaji kusamehewa kuteleza kwake?

WASHITIRI WAKALI NI NAMNA TATU

Baada ya kuyasema haya, ni lazima tufafanue, ili asije mtu akadhani kwamba twamtaka mtumishi wa duka awe jamvi la kukanyagwa na kila apitaye.

Wa kwanza ni mkali mwenye haki. Huyu mwanzo wa dawa yake ni kupewa haki yake. Asikilizwe mpaka amalize, kitu kitazamwe, fedha zirudishwe au abadilishiwe. Mara nyingi ukali wake utazimika hapo hapo, na huenda akaona haya kwa aliyoyasema. Akitaka radhi asamehewe, na asipotaka asamehewe vile vile.

Wa pili ni mkali asiye na haki, lakini ana ujinga au ana dhiki. Pengine ni mzee hakufahamu bei, pengine ametoka hospitali na mgonjwa wake, pengine ni mwisho wa mwezi na mshahara haujaingia. Mfano wake ni yule bedui ambaye Anas bin Malik ameeleza habari yake, aliyelivuta joho la Mtume kwa nguvu hata upindo wake ukaacha alama shingoni, na huku akidai apewe katika mali ya Mwenyezi Mungu. Mtume alimgeukia, akacheka, akaamrisha apewe kitu. Mshitiri kama huyu aambiwe ukweli kwa upole: bei ni hii, kitu ni hiki, na hatuwezi kupunguza zaidi. Asidanganywe ili aondoke, wala asikemewe ili anyamaze.

Wa tatu ni mkali kwa kiburi. Huyu hana haki wala hana dhiki. Aona kwamba fedha zake zimemnunulia leso pamoja na mtu amuuziaye. Atupa fedha mezani, aita watumishi kama aitavyo mbwa, au amwambia msichana wa dukani maneno ya aibu. Kwa huyu twasema wazi: kumvumilia si wajibu juu ya mtumishi. Qur'ani katika Suratu Nnisaa imeeleza kwamba Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya kutangazwa, illa kwa mwenye kudhulumiwa. Mtumishi aliyedhulumiwa aweza kusema mbele ya watu kwamba amedhulumiwa, na aweza kukataa kumhudumia mtu huyo. Asichoweza ni kuvuka mpaka. Katika hadithi ya Muslim imekuja kwamba watu wawili wakitukanana, dhambi ni ya aliyeanza, maadamu aliyedhulumiwa hakuvuka mpaka. Na kumtukania mtu mamake ni kuvuka mpaka, kwa sababu mama yule hakuwako dukani, wala hakusema neno.

Je, katika kisa chetu ni nani aliyeanza? Kijana alisema kwamba ni bibi. Sisi twasema kwamba kwa matusi alianza bibi, naye ana dhambi yake. Lakini kwa dhuluma lilianza duka. Ama kule kuitwa wezi, kulikuwa ni neno kali lisilothibiti lilipotamkwa mara ya kwanza. Duka lenyewe ndilo lililolithibitisha baadaye, kwa kumkana.

JUU YA MWENYE DUKA

Kijana akatwambia: "Maalim, mimi ni mtumwa wa watu, nimeambiwa nikasema." Twamjibu kwamba hapana kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Lakini hapa twataka kusema na mwenye duka, kwani mzigo wake ni mzito zaidi.

Ewe bwana, wewe umeketi penye fedha, na kijana amesimama penye watu. Umemtia uwongo mdomoni, na tusi likampata yeye. Akipigwa atapigwa yeye, na faida ya leso ile imo katika mkebe wako. Je, huu ni uadilifu? Anas bin Malik alimtumikia Mtume miaka kumi, na amesema kwamba katika miaka yote hiyo Mtume hakupata kumguna, wala kumuuliza kwa nini umefanya hili au kwa nini hukufanya lile. Nasi twawatumikisha watoto wa wenzetu, kisha twawafanya ngao ya makosa yetu.

Wajibu wa mwenye duka ni mambo mawili. La kwanza, mshitiri akiwa na haki, mwenye duka aitoe yeye mwenyewe na aseme mbele ya watu kwamba kosa ni la duka, asimwachie kijana aibu. La pili, mshitiri akiwa ni dhalimu, mwenye duka ainuke asimame baina yake na mtumishi, aseme: "Bwana, kijana huyu ni amana kwangu, sema nami." Mtume ametuamrisha tumsaidie ndugu yetu akidhulumiwa, na pia akidhulumu, kwa kumzuia na dhuluma yake. Mwenye duka afanyaye hivi huwasaidia wote wawili kwa mara moja. Akipoteza mauzo ya siku ile kwa sababu hiyo, riziki iko kwa Mwenye kuruzuku.

ADABU ZA PENYE MEZA

Tulimpa kijana adabu chache, nasi twaziandika hapa kwa faida ya wengine.

Kwanza, mwachie mshitiri amalize maneno yake. Ukimkatiza, ataanza tena tangu mwanzo, na kwa sauti kubwa zaidi.

Pili, neno lako la kwanza liwe "Pole, mama, hebu nitazame," au "Pole, ami." Kusema pole si kukiri kosa, ni kukiri kwamba mtu mbele yako ana udhia.

Tatu, usiape. Wauzaji wengi wakibanwa huapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba mali ni nzuri. Mtume ametuonya kwamba kiapo huitoa mali dukani, lakini huifuta baraka yake.

Nne, usimtuhumu mtu mbele ya watu. Tangu malipo ya M-Pesa yalipoanza nchini mwaka 2007, ugomvi mpya umeingia madukani: mshitiri asema ametuma, na ujumbe haujaonekana katika simu ya duka. Muuzaji ana haki ya kungoja na kuhakikisha, kwani wako wadanganyao kwa ujumbe wa kubuni. Lakini aseme: "Tungoje kidogo, bado haijaingia kwetu." Asipige kelele kwamba mtu hakutuma. Neno la kwanza ni kutazama hesabu. Neno la pili ni kumwita mtu mwizi.

Tano, ukihisi hasira zapanda nawe umesimama, keti; na zikiwa hazikutulia, mwachie mwenzako meza uende ukatie udhu. Imepokewa kutoka kwa Abu Dharr kwamba Mtume alimwamrisha mwenye hasira aliyesimama aketi, na zisipomwondoka alale ubavu. Mwenye nguvu si yule awaangushaye watu, ni yule aimilikiye nafsi yake anapoghadhibika.

Sita, akiisha kutoka mshitiri, funga mlango wa maneno. Tumeketi katika mabaraza ya maduka, na tumeona jinsi mshitiri mkali akigeuka tu, watu huanza kuigiza sauti yake na mwendo wake, na kumpa lakabu ambayo itamngoja siku atakayorudi. Alikuja na kosa moja la ulimi. Sisi twabaki na makosa kumi ya kusengenya.

KHATIMA

Kijana alitusikiliza, kisha akatuuliza: "Basi nifanye nini?" Tulimwambia kwamba juu yake mna mambo mawili, si moja. Atake msamaha kwa tusi, na kabla ya hilo akiri kwamba leso ilikuwa ya kwao. Ama fedha, hizo ni deni juu ya mwenye duka. Kijana alikwenda akamweleza bwana wake, naye tulidhani kwamba atamfukuza. Lakini usiku wa pili baada ya tarawehe mwenye duka alikuja mwenyewe, akaketi nasi muda mrefu bila ya kusema neno. Mwisho alisema kwamba tangu siku ile alipoiona ile leso imeachwa juu ya meza, hakuweza kuitupa wala kuiuza. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa kuja kwake, kwani wengi hujua kosa lao wasije.

Alikuwa tayari kulipa. Lakini kulipa kumekuwa kuzito kuliko kukana, kwa sababu hapana aliyemuuliza bibi yule jina lake wala mtaa wake. Wameuliza kwa majirani wa duka, wameuliza kwa wauzao viazi karai nje, wasimpate. Idi imekwisha pita, na mama aliyekusudiwa leso ile hakuivaa. Mpaka tunaandika maneno haya, fedha za bibi zimo katika bahasha ndani ya daftari la duka, na deni liko pale pale shingoni mwa mwenye duka. Haki ambayo ingalilipwa kwa dakika moja imekuwa ni jambo la kutafutwa mji mzima.

Basi enyi ndugu zetu wauzaji, mlipeni mtu haki yake naye yuko mbele yenu, hata kama amekuja na ulimi mkali. Mkimkosa hapa duniani, mtamkuta mahali ambapo hakuna fedha ya kulipia. Nawe bibi, ikiwa utasoma ukurasa huu au utasomewa, rudi katika duka lile ulilotoka ukilia. Utalijua. Hutaulizwa risiti.

Mwenyezi Mungu atuongoe sisi na nyinyi katika kauli na vitendo. Amin.